Naombeni njia ya kutengeneza dawa ya kupulizia ya kuua vijidudu isiyo kali, mwanangu ana pumu

MamaNuru_Tabata:

Wadau habari za saa hizi, naombeni mawazo yenu maana hili jambo linaninyima usingizi kweli. Nina binti wa miaka mitano ana pumu, mdogo wake ndo kwanza anatambaa na kila anachookota kinaishia mdomoni. Tumepanga Tabata, zile nyumba za korido katikati vyumba huku na huku, choo na bafu tunachangia. Usafi wa choo ni kwa zamu na pale kwetu watu wanaamini kama jiki hainuki basi hujasafisha, mtu anamimina kwenye ndoo bila kipimo, mwingine anaimwaga vilevile kutoka kwenye chupa, korido nzima macho yanawasha, na binti yangu akiivuta ile harufu usiku huo hatulali, kifua kinapiga filimbi mpaka alfajiri.

Sasa ya korido nitajua namna ya kuongea na majirani, ila ndani kwangu nataka niachane na makali kabisa. Nataka kitu cha kuweka kwenye kichupa cha kupulizia, nipitishe kwenye meza, ubao wa kukatia nyama, sinki, vitasa vya mlango, midoli ya mtoto. Kwenye magrupu ya wasapu naona wanatuma siki na limau, wengine siki na baking soda, wengine wanachemsha mwarobaini. Je hivi vitu vinaua vijidudu kweli au vinanukia vizuri tu? Maana huku kwetu mvua zikichanganya mitaro inafurika, kuharisha kunaanza mtaani, sitaki nimkinge mmoja na pumu nimuue mwingine kwa kipindupindu. Naombeni mnijibu kama mnamjibu dada yenu.

JikoLaShangazi:

Dada pole sana. Mimi natumia siki nyeupe nusu, maji nusu, natumbukiza maganda ya limau naacha wiki mbili kwenye chupa ya glasi alafu nachuja. Sinki linang'aa, friji haina harufu, bomba zile alama nyeupe za chumvi za maji ya kisima zinatoka zenyewe. Na ni ya asili, jaribu hutojuta.

NesiZamuYaUsiku:

Mama Nuru pole, na mpe pole mtoto. Mimi ni nesi, nimekaa wodi ya watoto muda mrefu. Shangazi hapo juu hajakosea kuhusu sinki na ile chumvi ya maji ya kisima, kwa hiyo kazi siki ni hodari. Ila swali la mama Nuru lilikua linaua au haliui, na hapo lazima tuseme wazi, siki sio dawa ya kuua vijidudu ya kutegemea. Siki ya dukani ni asidi ya asetiki kama asilimia 5 tu, inapunguza baadhi ya bakteria, lakini kwa wale wa majipu na vidonda (stafilokoka) ni dhaifu, na virusi vya kuharisha usiitegemee kabisa. Na ukiichanganya na baking soda ndo unaimaliza, maana asidi na magadi vinauana vyenyewe, lile povu ni gesi inapaa, baada ya hapo kwenye chupa umebaki na maji yenye chumvichumvi. Juisi ya limau nayo ukiichanganya na maji inaota ukungu baada ya siku chache na inaita sisimizi. Mwarobaini unanuka dawa lakini hakuna anayejua jikoni kwake ametoa nguvu kiasi gani. Alafu mvuke wa siki wenyewe kuna watoto wa pumu unawakereketa kifua vilevile.

Ninachotaka ukishike mama ni kwamba ukali unaomuumiza Nuru unatokana zaidi na kipimo na namna ya kutumia. Jiki ileile ikipimwa na ikafutwa kwa kitambaa badala ya kupuliziwa hewani ni kitu kingine kabisa na kile anachovuta kwenye hiyo korido.

Kwanza kabisa sabuni na maji. Sabuni inaondoa mafuta na uchafu ambamo vijidudu vinajificha, na virusi vyenye gamba la mafuta kama vya homa ya mafua (influenza) na korona inavivunja kabisa. Ukipaka dawa yoyote juu ya uchafu, dawa inaishia kupambana na uchafu. Sakafu ya chumbani, meza ya kulia, ukuta, hivyo kila siku ni sabuni tu vinatosha, havihitaji kuuliwa kitu.

Dawa ya kuua iweke pale penye sababu. Ubao uliokatia kuku mbichi, sinki ulilooshea kuku, kitasa cha choo, kiti cha choo, mahali mtoto katapika, mtu mwenye kuharisha yuko ndani. Basi. Ukipunguza sehemu umepunguza na harufu, nusu ya shida ya pumu imeisha hapohapo.

Jiki nyingi za huku zimeandikwa asilimia 3.5, soma lebo ya chupa yako kwanza. Kama ni hiyo, vijiko viwili vya chakula (mililita 30) kwenye lita moja ya maji ya baridi inakupa kama asilimia 0.1 na hiyo inatosha kwa sinki, ubao, vitasa. Usitumie maji ya moto, yanaipunguzia nguvu na kutoa harufu zaidi. Osha na sabuni, suuza, loweka kitambaa kwenye hiyo dawa ufute, acha pabaki pamelowa dakika 10, alafu kama ni ubao au mdoli suuza na maji safi. Usipulizie! Kupulizia kunageuza dawa kuwa ukungu mdogomdogo unaoingia moja kwa moja kwenye pafu, kama lazima utumie kichupa basi puliza kwenye kitambaa, sio hewani wala sio kwenye meza. Dirisha wazi, watoto nje mpaka pakauke. Na tengeneza ya siku hiyohiyo, kesho ishapungua nguvu, jua na joto vinaila haraka.

Alafu kubwa kuliko yote, na huku uswahilini naiona sana. JIKI USIICHANGANYE NA SIKI, wala limau, wala zile dawa za choo zenye asidi. Inatoa gesi ya klorini, hiyo hata mwenye mapafu mazima inampeleka hospitali, sembuse mtoto wa pumu. Na choo chenye mkojo mwaga maji kwanza, mkojo na jiki vinatoa gesi nyingine ya kuwasha, kloramini. Huenda hicho nacho kinachangia kuwawasha macho hapo kwenu.

Na hiyo filimbi ya usiku usiizoee mama. Mtoto anayepiga filimbi mara kwa mara pumu yake haijadhibitiwa, mrudishe kliniki waangalie dawa zake upya, na pampu yake iwe karibu siku zote.

MamaNuru_Tabata:

Dada nesi Mungu akubariki, nimesoma mara mbili. Kumbe ndo maana siku za zamu ya jirani fulani ndo inakua mbaya zaidi, yeye anaweka jiki na dawa ya choo pamoja ili kitoke kikali. Sasa swali, kuna kingine tofauti na jiki kabisa kinachoua? Hata kama ni bei kidogo. Na hii sabuni ya maji ya kupima tunayonunua mtaani inafaa au lazima ya dukani?

SabuniYaZiwa:

Mama Nuru hapo kwenye sabuni ya kupima nijibu mimi, natengeneza na kuuza huku Mwanza. Inafaa sana ikiwa imetengenezwa na mtu anayejua. Sabuni ya maji kiini chake ni salfoniki, ni asidi ile, inatakiwa izimwe na soda ash au kostiki mpaka isibaki asidi wala isizidi alkali, ndo tunaweka ungarol (ya kuongeza povu), chumvi ya kuifanya nzito, rangi na pafyumu. Mwenye haraka anaruka kupima, ndo unakuta sabuni inachubua mikono ya mama za watu. Sasa fikiria sabuni yenye asidi iliyobaki, mtu anaimwaga kwenye ndoo pamoja na jiki ili ipate nguvu, ni yaleyale aliyosema nesi, klorini inatoka. Kwahiyo hata sabuni usichanganye na jiki, tumia kimoja, suuza, ndo kingine kifuate. Nunua kwa mtu mmoja unayemjua na umuulize anapima na nini, kama hana hata zile karatasi za kupimia zinazobadilika rangi hama. Na kwa nyumba yako mwombe akutengenezee isiyo na pafyumu, mimi nina wateja wa pumu wananiagiza hivyo na ni rahisi tu kwa fundi, pafyumu unaiweka mwisho kabisa, ni kuiacha tu. Harufu ya limau au waridi sio usafi jamani, ni kemikali nyingine inaelea kwenye chumba cha mtoto.

Kwa kupangusa meza na friji kijiko kimoja cha chai cha sabuni kwenye lita ya maji kinatosha, ukizidisha inabaki utelezi na vumbi linaganda.

Alafu chupa. Naomba hapa mnisikilize kila mtu mwenye mtoto. Usiweke jiki, spiriti wala sabuni kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa. Mtoto haijui dawa, anaijua chupa. Mimi mteja akija na chupa ya soda simuwekei nampa dumu langu. Chupa ya dawa iandike kwa maka ya wino usiofutika, jina na tarehe, iwe juu ambako mtoto hafiki hata akipanda stuli.

MwalimuWaKemia_Ars:

Mama Nuru uliuliza mbadala wa jiki, viko viwili unavipata famasi na vyote vinaua kweli.

Cha kwanza na ndo ningekichagua kwa nyumba yenye pumu ni haidrojeni peroksaidi. Haina harufu ya kusema, ikimaliza kazi inabaki maji na oksijeni tu. Inayotakiwa ni asilimia 3. Famasi nyingi wanauza ya asilimia 6, hiyo unachanganya nusu kwa nusu na maji safi, tena unachanganya kidogo cha kutumia tu. Iliyobaki iache kwenye chupa yake ya kahawia maana mwanga unaivunja, ukiihamishia kwenye chupa nyeupe ukaiweka dirishani baada ya muda una maji. Ifute kwa kitambaa iache palowe dakika 10. Inatoa rangi kwenye nguo na mapazia, kwahiyo angalia. Na usiichanganye na siki kwenye chupa moja hata kama umeona video wanafanya hivyo, inatengeneza asidi nyingine kali ya kuchoma macho na koo.

Cha pili ni spiriti, yaani ethanoli. Kinachoua vizuri ni karibu na asilimia 70, na wengi wanashangaa kusikia ya asilimia 96 haifanyi kazi vizuri kama ya 70. Sababu ni kwamba kuharibu protini za kijidudu kunahitaji na maji, alafu ile kali inakauka kabla haijamaliza kazi. Ukiwa na ya 96 chukua mililita 730 ongeza maji yaliyochemshwa yakapoa mpaka ifike lita moja. Hiyo ni nzuri kwa simu, rimoti, swichi, vitasa. Gongo na pombe kali za dukani hazifai, za dukani ni asilimia 35 mpaka 40, na gongo hakuna anayeijua ina nini. Hatari ya spiriti ni moto, moto wake mchana karibu hauonekani, na nyumba zetu jiko la gesi au la mkaa liko hatua mbili kutoka kwenye meza. Usiifute jikoni huku jiko linawaka, na usipulizie kabisa. Ile spiriti ya zambarau ya kuwashia jiko ina methanoli ni sumu, hiyo isikae kwenye orodha yako.

Ila kabla hujaenda famasi una kitu ndani hakinunuliwi, maji yanayotokota. Ubao wa kukatia nyama uoshe na sabuni kwanza uondoe mafuta, uweke kwenye karai uumwagie maji yanayotokota upande huu na huu, alafu uanike wima juani ukauke kabisa. Vitambaa vya jikoni na sponji ndo makao makuu ya bakteria kuliko hata choo, vichemshe kwenye sufuria dakika tano kila baada ya siku mbili tatu. Midoli ya plastiki ngumu isiyo na betri, sabuni na maji vuguvugu, jua, imetosha, ya kitambaa fua na uanike. Hakuna harufu, hakuna kifua kupiga filimbi, cha kuangalia ni mtoto asisogelee sufuria tu.

BintiPemba:

Assalaam alaykum, mie nna la kuongeza maana naona hapajatajwa mafuta. Sie huku Pemba watu hutia mafuta ya karafuu na ya makonyo (vikonyo vya karafuu) kwenye maji ya kupangusia, na kweli karafuu ina nguvu, ile yujenoli iliyomo ndani huua bakteria na ukungu, na mafundi wa meno waitumia. Lakini mama Nuru wangu, mafuta na maji havishikani, ukitia matone kwenye kichupa yanaelea juu, unapulizia maji matupu alafu mwisho yanatoka mafuta mazito mara moja, yanachoma ngozi na kukwaruza koo la mtoto. Na wenye pumu wengi hawapatani na harufu nzito yoyote, iwe karafuu, mkaratusi au mchaichai, asili au si asili. Kwa hivo kwako mie ningesema achia mbali.

Na wenye paka ndani, na huku visiwani nani hana paka, mafuta haya na zile dawa za majimaji zinazogeuka nyeupe zikitiwa maji si salama kwao, ini la paka halizivunji. Paka apita sakafuni kisha ajilamba miguu. Sakafu ya paka ni sabuni na maji na kusuuza.

Siki msiitukane lakini, kwa birika lililoganda chumvi hakuna mfano wake. Ila isiguse sakafu ya teraso wala marumaru ya jiwe, yalika na mng'aro hautorudi.

MtuWaMinneapolis:

Salaam kutoka Marekani. Kwa wanaouliza kwanini huku kuna dawa zimeandikwa asidi ya sitriki, ile ya kwenye limau, na zinauzwa kama za kuua vijidudu, ni kweli zipo. EPA, shirika la serikali ya huku la mazingira, wana mpango wao wa Design for the Environment wa dawa zenye viambato salama zaidi, viambato wanavyovikubali humo ni pamoja na haidrojeni peroksaidi, ethanoli, asidi ya sitriki na asidi ya laktiki, jiki haimo. Lakini kinachopimwa na kupewa namba ni dawa nzima ilivyotengenezwa, asilimia zake na dakika zake za kukaa, sio limau ulilokamua jikoni. Kwahiyo mwalimu alivyosema peroksaidi yuko sawa kabisa na wataalamu wa huku. Hata kwenye vituo vya kulelea watoto huku ushauri ni huohuo, sabuni kwanza, dawa kwa sababu maalum, futa usipulizie.

JikoLaShangazi:

Nesi na mwalimu asanteni, mimi siki yangu nabaki nayo kwa sinki na birika, ubao wa kuku kuanzia leo ni maji ya moto na hiyo peroksaidi. Swali dogo, naweza kupulizia siki leo, na jiki nikapitisha kesho hapohapo?

NesiZamuYaUsiku:

Shangazi ukisuuza vizuri kwa maji mengi katikati hapana shida, tatizo ni zikikutana zikiwa bado mbichi au kwenye ndoo moja.

Mama Nuru nirudi kwenye korido yako maana naona hapo ndo pana kazi, ndani kwako ushapata njia. Usiende kwa majirani na hoja ya kuacha jiki, hawatokubali, na kusema kweli choo cha watu wengi kinahitaji dawa. Nenda na kipimo. Kwa choo cha kila siku, ndoo ya lita 10 inataka mililita 300 tu za jiki ya asilimia 3.5, baada ya kusugua kwa sabuni na kusuuza. Tafuta kikombe cha plastiki kikate au kichore alama pale inapofika 300, kifunge na kamba kwenye ndoo ya choo, kila mwenye zamu anakikuta hapo. Wataona na chupa inakaa muda mrefu zaidi, hela inabaki mfukoni, hiyo ndo itawashika kuliko maneno ya pumu. Ile dawa ya choo yenye asidi waombe iwe na siku yake peke yake, mathalani Jumamosi, na siku hiyo jiki isiguswe. Na waombe wafanye hivyo Nuru akiwa shule.

Ikitokea kipindupindu mtaani au mtu ndani anaharisha maji maji, hapo usiwe na huruma na pumu ukaogopa jiki, mtoe mtoto akae kwa ndugu au jirani kwa muda huo. Kwa matapishi, kinyesi na damu kipimo kinapanda, jiki kikombe kimoja maji vikombe sita, vaa glovu, funika na kitambaa au karatasi, mwagia, acha dakika 10, ndo uzoe na upafute tena. Mgonjwa aanze ORS (dawa ya kurudisha maji mwilini) hapohapo nyumbani huku mnampeleka kituoni.

MamaNuru_Tabata:

Kikombe nishakata, nimechora na alama. Zamu ya kesho ni yangu, nitaanza mimi kukitumia wakiwa wanaona alafu jioni nawaita wote kwenye korido niwaeleze. Peroksaidi famasi ya hapa mtaani wanayo ya 6, nitachanganya nusu kwa nusu kama mwalimu alivyosema. Kliniki ni Jumatano. Nitarudi kuwaambia wamepokeaje.